Begi la Kontroli

Hakuna kitu chenye swichi wala mfuniko ambacho Kontroli hakukitawala! Jina hilo alijipa mwenyewe, siku kiwanda cha mikate kilipomfanya mkaguzi wa ubora. Umwite jina alilopewa na wazazi wake, haitiki.

Kiwandani alikagua akiwa mlangoni, mikono nyuma. "Mkate mbichi ukiniona, unaiva wenyewe kwa woga!"

Nyumbani ndiyo usiseme. Kila asubuhi alichomoa regyuleta ya mtungi wa gesi, akaitia kwenye begi pamoja na rimoti ya televisheni na ile ya feni, akaenda navyo kazini. Vitu visichezewe! Mkewe hakubishana. Aliazima regyuleta ya jirani, akapika, akairudisha kabla bwana hajafika. Mama mkwe wa Kontroli, aliyekuwa akiishi nao, alicheka chini chini.

Basi cheo cha mkuu wa kitengo kikawa wazi. Kontroli alikitamani mpaka akakiota. Akamwalika bosi wake, mama mmoja asiye na maneno mengi, aje kula mchana aone nyumba iliyonyooka.

"Mama watoto," aliagiza asubuhi, "leo mtu asiguse kitu bila mimi. Na kuazima-azima kwa majirani sitaki! Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba watoto." Safari hii aliamua kumtii.

Mchana bosi akamchukua kwa gari lake. Begi Kontroli aliliacha ofisini. Mkuu mtarajiwa abebe begi kama fundi bomba?

Wakafika. Sebule ilikuwa tanuri.

"Washeni feni!"

"Rimoti unayo wewe," alisema mkewe.

Kontroli akapapasa mifuko. Begi liko ofisini!

"Basi leteni chakula!"

"Kiko jikoni, kibichi. Regyuleta unayo wewe."

"Si ungeazima kwa jirani?"

"Ulikataza, baba watoto," alisema mkewe kwa upole mwingi.

Bosi alikuwa akijipepea kwa mkoba. Kontroli alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe akamwonea huruma mgeni, akaleta kitu pekee kilichokuwa tayari: mkate wa kiwandani.

Bosi akaumega. Katikati ulikuwa mbichi, unanata vidoleni. Akautazama, kisha akamtazama Kontroli.

"Huu ni wetu?"

"Wenu kabisa, mama!" alidakia mama mkwe. "Mwanangu huyu aliukagua jana mwenyewe. Alitusifia mkate huu jioni nzima!"

Cheo kikaenda kwa mwingine.

Siku hizi Kontroli anabonyeza mkate mmoja mmoja kwa kidole, kimya kama maji mtungini. Na regyuleta haitoki tena jikoni. Kila asubuhi, kabla hajavuka kizingiti, anasimama mlangoni na kufungua begi lake, mama mkwe akague.