Deni la Mchumba na Mashine ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Mchumba kaniambia ana deni. Si deni la dukani. Deni la kodi! La nchini kwao, tangu duka lake la miwani lilipokufa na mshirika wake akatoroka na mauzo. Aliniambia huku anasafisha miwani yangu kwa kitambaa, bila kuinua uso. Akasema hawezi kuolewa na mtu asiyejua. Akataja kiasi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba miwani yangu, maana bila miwani huwa sisikii vizuri.

Nikamwambia si kitu, mpenzi, ukipenda chongo huita kengeza. Akasema hiyo si methali ya kumwambia fundi miwani.

Hali ndiyo hii. Viza yake inakwisha tarehe 31. Uhamiaji wakitupa kibali cha kuoana na yeye kukaa hapa, anabaki. Wasipotupa, anarudi kwao, nami nabaki na kitanda cha watu wawili nilichokwisha kukinunua. Nampenda sana mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu nikilisema kwa mdomo linatoka vibaya.

Bahati yake kaangukia mikononi mwa mtaalamu! Miaka kumi na moja najaza fomu za watu nje ya ofisi ya Uhamiaji. Nina kibanda, meza, mwavuli, mashine ya fotokopi, picha za pasipoti kwa dakika tano. Fomu haijawahi kunishinda.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya utafiti. Yaani nimemuuliza Kalamu Mbili, anayejaza fomu meza ya jirani na kuniibia wateja. Huweka kalamu moja kila sikio, ingawa anaandika kwa mkono mmoja kama sisi wengine. Nikasema nina mteja mwenye shida. Akasema huyo mteja wako akishaoa tu, deni la mke linakuwa lake, na watu wa kodi wa kule watakuja kukamata mali. Alipotamka "mali" akaitazama mashine yangu. Nikaifunika.

Akaongeza kuwa deni la kodi hufa lenyewe likitimiza miaka kumi. La Mchumba lina minne. Jioni nimempendekezea uchumba wa miaka sita. Akaanza kuvaa viatu. Nimeufuta mpango kabla hajamaliza kufunga kamba.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya. Safi kabisa! Asiye na mali hakamatwi mali. Nimemuuzia Dada kila kitu: kibanda, meza, mwavuli, mashine. Dada ndiye mkubwa wetu, ni mtunza stoo wa hospitali, na tangu aajiriwe haijapotea hata sindano. Hati ya mauzo nimeiandika mwenyewe. Bei: upendo wa ndugu. Wakili kagonga muhuri huku anauma midomo.

Kabla ya kusaini, Dada aliniuliza kama naelewa ninachosaini. Nikamwambia nimekiandika mimi. Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaja kibandani na daftari. Kahesabu karatasi moja moja. Kauliza wino huu umefunguliwa lini na nani. Kasema kitu chenye jina lake hakiendeshwi kwa kukisia, na kuanzia leo mimi ni mpangaji.

Mchana nilihitaji nakala ya kitambulisho changu kwa ajili ya maombi yetu. Dada akanidai. Kwenye mashine yangu! Nimelipa. Kanipa risiti. Kalamu Mbili kacheka mpaka kalamu ya kushoto ikaanguka.

Hata hivyo akili ni mali. Waje sasa hao wa kodi, watanikuta na shati tu.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu ya maombi. Swali la kumi na nne: mwombaji ana deni lolote la kodi nchini atokako? Nimeandika HAPANA, kwa mwandiko wangu wa sherehe. Nikampa Mchumba asaini ukurasa wa mwisho tu, asijichoshe.

Nimesahau kwamba Mchumba husoma kila kitu, hata maandishi madogo ya dawa ya meno. Kafika la kumi na nne. Kakata HAPANA yangu nzuri kwa mstari mmoja, kaandika NDIYO, kisha katoa bahasha mkobani. Ndani, barua. Miezi mitatu iliyopita aliwaandikia watu wa kodi wa kwao. Wamekubaliana alipe kidogo kidogo kwa miaka mitano. Tayari kalipa mara tatu. Kasema dawa ya deni kulipa, methali aliyoikuta kwenye kalenda yangu mwenyewe, na kwamba Jumatatu iliyopita alitaka kunionyesha hiyo barua lakini mimi nikaanza mambo ya chongo.

Kisha akauliza, polepole, kwa nini nilitaka aanze maisha hapa kwa uongo. Nikamwambia ukweli: naogopa watamrudisha. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Nimeona aibu. Nimefurahi pia. Mambo mawili hayo nilidhani hayakai meza moja.

Jumatano, 12 Machi

Usaili. Afisa ni mama mmoja ambaye kwa miaka kumi na moja ananiona dirishani kila asubuhi, lakini leo kaniuliza jina kama mgeni. Kaisoma barua ya Mchumba mara mbili. Kasema deni lenye makubaliano na linalolipwa halimzuii mtu kupata kibali, na deni la kodi linabaki kwa aliyelipata, halimhusu mume. Kamsifu kwa kusema kweli. Nilitaka kusimama nicheze.

Halafu akanigeukia mimi, mdhamini wa Mchumba.

Mali? Kulingana na hati, niliuza zote Alhamisi kwa upendo wa ndugu. Mama yule kaisoma bei kwa sauti. Kazi? Mpangaji wa dada yangu. Cheti changu cha kutodaiwa kodi?

Hapo niliitazama dari. Fomu ya cheti hicho nimewajazia watu wasiohesabika. Naijua kwa kichwa. Yangu sijawahi kuijaza hata siku moja!

Kasema mchumba wangu hana tatizo lolote, mwenye tatizo ni mdhamini. Katupa mpaka tarehe 26. Mdhamini akikosa mali na cheti, Mchumba safari. Nimejipalia makaa, na safari hii siungui peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda ofisi ya kodi. Kijana wa kaunta kataja kiasi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Miaka kumi na moja pamoja na adhabu. Limelipita deni la Mchumba!

Nimewaambia jikoni kwa Dada, Mchumba akiwepo. Dada kasema nyani haoni kundule, akaendelea kukata vitunguu. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya Mchumba, kama itatafuta viatu. Nikajisemea huyu mwanamke ana haki ya kuondoka, na mimi ndiye niliyempa sababu.

Kacheka. Kacheka mpaka kavua miwani kufuta machozi. Kisha kasema tangu mwaka jana anaona haya kuingia nyumbani kwangu akiwa mwenye deni peke yake, na sasa tumelingana, ila mimi nimezidi kidogo kwa kuwa ni mwanamume napenda kuongoza. Kaomba karatasi. Tukapanga, lake huku, langu kule, nani atalipa nini na lini. Nilitaka kumwambia jambo zuri sana. Nikapiga chafya. Nadhani kaelewa.

Jumanne, 18 Machi

Ofisi ya kodi imekubali nilipe kwa miezi thelathini. Nimelipa ya kwanza, wamenipa barua ya kutumika badala ya cheti. Dada kakubali kunirudishia mali kwa bei ile ile, upendo wa ndugu, ila kasema kuna riba. Riba ni kupaka rangi jikoni kwake, tena mara mbili, rangi juu ya rangi. Nimepaka. Kakagua kwa tochi. Kanirudisha kona ya nyuma ya jiko.

Jumatano, 26 Machi

KIBALI! Mama wa Uhamiaji kagonga muhuri kwa nguvu hadi kikombe chake kikaruka. Kanionya nisionekane tena upande wake wa dirisha. Mchumba kakisoma kibali chote, mpaka jina la mpiga chapa, kisha akalia. Nami pia. Kalamu Mbili kaja kuuliza nani kafa.

Ijumaa, 28 Machi

Tumeoana! Kwa msajili, saa nne asubuhi, foleni ya watu watatu. Dada shahidi wangu. Shahidi wa bibi harusi, Kalamu Mbili, kwa sababu ndiye pekee aliyekuja na kalamu inayoandika. Mke wangu kausoma mkataba wa ndoa neno kwa neno huku msajili akitazama saa. Sijawahi kusubiri kitu kwa raha namna ile.

Jumatatu, 31 Machi

Leo ndiyo viza ingekwisha. Badala yake mke wangu kakaa kibandani kwangu, kafungua meza yake ndogo ya kukaza skrubu za miwani, na asubuhi tu kapata wateja watatu.

Nami nimebandika tangazo: MADENI YA KODI YA WACHUMBA WA KIGENI. MTAALAMU MWENYE UZOEFU. Kabla ya saa sita kaja mteja wa kwanza, fundi bomba, jasho linamtoka. Anaoa mgeni mwezi ujao, na mwenye deni ni yeye mwenyewe. Afanye nini?

Nikamvutia kiti. Nikateremsha sauti, sauti ya kazi. Nikamwambia hatua ya kwanza, kabla ya nyingine zote, mchumba asijue.

Mke wangu kakohoa. Kisha kakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Kesho nitamnunulia dawa ya kifua. Kibanda hiki kina vumbi sana la karatasi.