Konokono wa Ukurasa wa Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeapa. Mama atapata chumba chenye madirisha makubwa.

Niandike sababu, nisije nikasahau. Mama ni mtafiti wa konokono katika chuo kikuu cha umma, kikubwa kiasi kwamba watu wa sheria hawajawahi kuonana na watu wa mifupa. Jengo la utafiti linagawanywa upya. Ijumaa jioni itabandikwa orodha ya watafiti kumi ambao kazi zao zimetajwa zaidi na wenzao. Hao watapanda ghorofa ya juu, kwenye jua. Wengine watashuka chini ya ardhi, kwenye vyumba ambavyo kuta zake hutoka jasho.

Mama ni wa kumi na moja! Wa kumi ni Profesa Saruji. (Anachunguza saruji. Jina tumempa sisi nyumbani.) Amemzidi Mama kwa kutajwa mara tatu tu.

Mama halalamiki. Jua likiwaka hufunika masanduku ya konokono kwa magunia aliyoyalowesha. Maskini. Hata pazia hana.

Profesa Saruji amenikuta koridoni. Akaniita binti Konokono, akauliza leo Mama katajwa na nani, kobe? Akacheka peke yake. Nilimwamkia kwa heshima, kisha nikamchukia njia nzima hadi nyumbani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza. Insha yetu ya shule ilihusu usafi wa kinywa. Nimemtaja Mama mara tatu. Nimewashawishi wenzangu wanne wafanye vivyo hivyo. Jumla kumi na tano!

Mwalimu wa lugha akataka kujua konokono wanahusiana vipi na mswaki. Nikamjibu kwamba taaluma zote ni ndugu. Akasema ndugu wengine huwa hawaalikwi.

Nikabeba madaftari hadi kwa Mkutubi, ambaye ndiye anayehesabu. Ana miwani miwili, mmoja puani, mwingine kichwani akiutafuta. Akasema mjukuu wangu, mwandiko wako mzuri, lakini kinachohesabiwa ni kilichochapwa tu. Kwa mfano jarida la chuo, linalotoka Ijumaa asubuhi. Hata barua za wasomaji zinahesabiwa.

Nikauliza, je, mtu akitajwa ili akosolewe? Akasema aliyesifiwa moja, aliyesemwa vibaya moja. Hesabu haina huruma.

Nimerudi nyumbani nikirukaruka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekua karibu na wasomi, nawajua. Ukimwomba msomi asome kazi ya mwenzake, ana shughuli. Ukimwambia ina kosa, hali chakula cha mchana.

Nimeandika vikaratasi ishirini kwa mkono: Kuna kosa la aibu katika ukurasa wa sita wa makala ya konokono. Nimetia sahihi Mpenda Ukweli. Nimevisukuma chini ya milango ya taaluma zote, kuanzia muziki hadi mifupa.

Bila shaka kosa halipo. Mama hakosei. Nimechagua ukurasa wa sita kwa kuwa una picha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Milango mingi imefungwa. Ndani kunasikika kurasa zikifunuliwa. Mhadhiri wa sheria amepita na makala ya Mama mkononi, anatabasamu kama aliyeokota kitu. Wapuuzi. Watatafuta mpaka wachoke.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kosa lipo!

Badala ya sentimita, Mama aliandika mita. Kwa mujibu wa ukurasa wa sita, konokono wake hutambaa mita sitini kwa dakika. Yaani angeweza kunisindikiza shuleni, na nisimwache nyuma.

Jarida lina barua tano. Mwanasheria anauliza konokono wa kasi hiyo akitoroka, nani atashtakiwa. Mhadhiri wa muziki anasema huo ni mwendo wa gwaride. Daktari wa mifupa anauliza tu, kwa miguu ipi? Mama alizisoma akiwa wima. Masikio yake yalibadilika rangi. Nilijisikia vibaya kwa muda.

Lakini barua tano ni tano! Jioni orodha ikabandikwa. Mama wa kumi! Profesa Saruji wa kumi na moja! Nikapiga kelele koridoni, jambo ambalo sikufundishwa.

Mama akakaa juu ya ndoo. Akasema mwanangu, miaka miwili nimeomba chumba cha chini kwa barua. Giza, unyevu, kuta za jasho: kwa konokono huko ni peponi. Nimewalea hawa mia tatu kwa miaka sita. Huko juu watakauka kabla ya mwisho wa mwezi. Kumbe muda wote Mama alikuwa akimwomba Mungu asitajwe na mtu yeyote.

Kisha akatoa kikaratasi mfukoni. Akasema mkia huo wa herufi y alinifundisha yeye mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya kuhama. Mkuu wa jengo amesema orodha imeshatiwa sahihi, haibadiliki hata kwa machozi. (Nilijaribu.)

Mama amenituma kwa Profesa Saruji nikaungame. Nilimkuta kwenye ngazi, akishuka na matofali yake moja moja kwa uso wa msiba. Kumbe anachunguza jinsi saruji inavyopasuka ikikaushwa na jua. Chini hakuna jua. Nikamweleza yote, hadi vikaratasi.

Nikasubiri radi. Akasema kumbe kobe mwenyewe ndiye huyu! Akacheka mpaka tofali likamponyoka. Halafu akapanda kwa Mama, wakazungumza kidogo mlangoni. Orodha haibadiliki, sawa. Ila funguo zina miguu.

Wamebadilishana.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Konokono mia tatu wako chini, wametoa pembe zote. Mama anaimba. Mlango wa juu una jina la Mama, na ndani Profesa Saruji anatazama matofali yake yakipasuka kwa raha zake. Nimemwahidi Mama, kwa mkono juu ya sanduku la konokono, kwamba sitagusa tena kazi zake. Na ahadi ni ahadi.

Profesa leo ameniita binti yangu. Ila nimemwona akisimama mbele ya orodha, akiitazama ile kumi na moja. Imeniuma. Mtu mwema kama yule!

Vikaratasi ishirini viko tayari. Makala yake ya saruji sijaisoma, lakini ukurasa wa tisa una picha nzuri.