Makabidhiano ya Kijito cha Nyakadzi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa bonde la Nyakadzi, watu kwa mbuzi, kwamba kijito chenu ni safi kwa mujibu wa kanuni. Tangazo hilo niliandika mimi, Mratibu wa Mtiririko na Ubora wa Maji hapa Tete, na sifuti hata nukta.

Wenye midomo wanasema hatukupima. Tulipima sana. Mgodi wa makaa ulipoanza kuvuta maji na kijito kikashuka chini ya alama, tuling'oa nguzo ya kupimia kina, tukaichomeka kwenye shimo refu la mlemle kijitoni, na papo hapo kina kikawa cha kuridhisha. Kuhusu ubora, sampuli zote tulichota chemchemini, juu ya mgodi. Maji meusi ya huko chini yalikuwa yanatuchafulia takwimu.

Kijito kikiwa safi, lori la maji ambalo mgodi ulilazimishwa kupeleka kijijini halina kazi. Huwezi kumbebea maji mtu mwenye mto wake, ni kumdekeza.

Siku ya makabidhiano Mkurugenzi wetu, Dokta Hermínio Chauke, alikuja na suti, na redio ya mkoa ikirusha moja kwa moja. "Kwa niaba ya serikali," akasema, "nawakabidhi kijito hiki safi. Kuanzia kesho, lori basi."

Akasimama Mama Zefa, mchoma mbuzi wa pale njia panda. Mjukuu wake nusura afe kwa kuhara kabla lori halijaanza kuja. Mkononi alishika kikombe cha bati, na maji ndani yake yalikuwa meusi.

"Tumeshukuru, baba," akasema. "Ila kwetu anayetoa kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Leo wewe umetoa mto mzima."

Desturi hiyo naijua. Hata mama yangu mzazi hajawahi kunipa pombe asiionje kwanza.

"Mama, mimi nina vidonda vya tumbo," Mkurugenzi akasema.

"Pole, baba. Hata mjukuu wangu ana tumbo."

"Basi Mratibu ataonja kwa niaba yangu."

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mamlaka yangu yanaishia kwenye chupa za sampuli. Nyuma kule mtu akasema, "Aisifuye mvua imemnyea, au siyo, mheshimiwa?" Watu wakacheka, na kicheko chote kikaenda hewani.

Mama Zefa akaweka kikombe mezani, mbele ya Mkurugenzi. "Kisichoonjwa hakipokelewi, kinarudi kwa mwenyewe. Mto wenu, lori letu."

Bahati mbaya Gavana alikuwa anasikiliza redio, na Gavana wetu ni mtu anayeamini ripoti. Alisoma yetu yote, akaipongeza, kisha akaamua: wananchi wamekataa kijito, lori libaki kwao. Na kwa kuwa kijito ni safi na ni mali ya ofisi yetu, ofisi na nyumba za watumishi wake ziunganishwe nacho kwa bomba, chini ya mgodi, kulekule tulikokabidhi. Mimi nimo serikalini tangu ujana, sijaona mradi uliokamilika upesi namna ile.

Siku hizi Mkurugenzi na mimi tunapanga foleni kwenye lori la kijiji, madumu mkononi, nyuma ya akina mama. Tuliomba kipaumbele cha kiofisi. Tukaambiwa foleni haina cheo, na aliyechelewa ale mifupa.

Jana jua lilikuwa kali na zamu yetu ilikuwa mbali. Mkurugenzi akaanza kuyumba, tai imelowa jasho. Mama Zefa akamtazama, akachota kikombe kwenye ndoo yake, akanywa funda moja taratibu, kisha akamnyooshea.

"Kunywa, baba," akasema. "Nimeshaonja."