Magata ya Bibi Sadae

Jumatano, 7 Agosti

Mimi ndiye kijana mwerevu kuliko wote waliowahi kufukuzwa shule katika kisiwa kizima cha Shikoku. Nikifa, hospitali kubwa zitagombania ubongo wangu, na itakayoukosa italia. Nimemweleza Bibi hivyo asubuhi. Kaniambia ubongo huo uanze na vyombo vya jana.

Hali ni hii. Mjomba Tadaomi kapiga simu kutoka Osaka. Anakuja Obon, siku zile marehemu wetu wanaporudi nyumbani, na akifika ataikagua nyumba. Ikimridhisha, Bibi anabaki. Isipomridhisha, Bibi anahamia kwake, ghorofa ya tisa, chumba ambacho dirisha lake halifunguki. Bibi kasikiliza, kasema haya mwanangu, kaweka simu chini, kaenda bustanini kung'oa magugu. Magugu yenyewe hayakuwepo. Aliyang'oa juzi.

Nikamwambia asihofu, nyumba hii ina mwanamume. Akatazama nyuma yangu aone ni nani kaingia.

Dharau! Lakini ninao mpango. Nyuma ya bafu kuna magata ya zamani, ile mifereji ya kukinga maji ya paa. Fundi aliyafungua upande wa mbele wa paa, akaweka ya plastiki, haya ya bati akayaacha hapo yaote kutu. Mjinga anaona takataka. Mimi naona bustani! Rafu! Fanicha! Mjomba atakuta nyumba imejaa akili mpaka aombe msamaha.

Ijumaa, 9 Agosti

Gata la kwanza: bustani ya ukutani. Nimelijaza udongo, nimepanda vitunguu vya majani, nimelitundika chini ya dirisha la jikoni. Uzuri wake haukuwa na mfano. Nikamwagilia. Nikamwagilia tena kwa furaha tu.

Akapita Norihiko na baiskeli yake. Huyu ni mtoto wa duka la vifaa, anasomea uhandisi mjini, yuko likizo, na kazi yake likizo ni kunikera. Akauliza kama siku hizi ninafuga mbu. Nikamwambia wivu utamuua. Akauliza kama nimetoboa matundu chini. Nikamjibu kwamba gata halitobolewi, mhandisi mzima hajui kuwa kazi ya gata ni kushika maji? Akacheka mpaka akaegemea mti wa persimoni. Akasema, “Bwana we, usirudi shule. Shule itaumia.”

Jioni vitunguu vilikuwa vinaogelea. Kisha gata likashuka chini na ubao mmoja wa ukuta, na lilipofika chini likapasuka. Bibi kaokota vitunguu, kavitia kwenye supu. Supu ilikuwa na mchanga. Nimekunywa yote, sina kinyongo.

Jumapili, 11 Agosti

Gata la pili: rafu ya viatu mlangoni. Wazo safi kabisa, ila sakafu ya mlangoni imeinama kidogo, kosa la aliyejenga. Viatu vyote vinateremka kushoto na kurundikana kama vimeitwa mkutanoni. Mama Kurihara, mwenyekiti wa mtaa, kaja kuleta mapichi. Wakati wa kutoka kapekua, kapekua, kachoka, kaondoka na ndala za Bibi za bustanini. Sasa mtaa mzima unasema kwa Bi Sadae mgeni anavuliwa viatu moja kwa moja. Watu hawana shukrani. Nimechoshwa nao.

Basi nimeachana na vitu vidogo. Bibi kanisimulia jambo. Mjomba alipokuwa mdogo, wakati wa kiangazi walikuwa wanakula tambi za kutiririsha. Unaziachia kwenye mwanzi uliopasuliwa, zinashuka na maji baridi, kila mtu anadaka kwa vijiti. Mjomba alikuwa kitinda mimba. Walimweka mwisho kabisa. Ndugu zake walidaka zote, yeye akadaka maji, akalia.

Mnaona ninapoelekea? Mwanzi ni mambo ya kale. Nitatumia magata! Kutoka bomba la juu kwenye ukuta wa mawe mpaka uani. Na Mjomba atasimama wa kwanza, juu kabisa. Moyo wake utalainika kama tambi. Umbali nimeupima kwa macho. Nina jicho la tai.

Jumanne, 13 Agosti

Mjomba amefika. Soksi nyeupe, tochi, uso wa mkaguzi. Kakagua kila chumba akibonyeza sakafu kwa kidole cha mguu. Kagonga nguzo. Kapanda ngazi kutazama paa la mbele. Kashuka, kasema paa ni zima. Kasema mwenyewe! Bibi kachemsha chai wakati chai ya kwanza bado iko mezani.

Jioni tumewasha moto mdogo getini ili marehemu Babu aione njia. Bibi kamtengenezea farasi wa tango wa kupanda, miguu ya vijiti, kamweka mbele ya picha yake kwenye chumba cha madhabahu ya marehemu, maana mtu akienda kwake huenda kwa haraka. Mjomba katazama picha, katazama mikeka ya tatami, kasema pengine nyumba bado ina miaka yake. Bibi kakimbilia jikoni. Alisema kitu kinaungua. Jiko lilikuwa limezimwa.

Tatizo ni jicho la tai. Limekosea. Magata ya kutiririshia tambi yamepungua moja, maana la kwanza limepasuka na la pili limelaliwa na viatu. Kwa hiyo nimelifungua gata la nyuma, lililo juu ya chumba cha madhabahu. Ndiyo, hilo bado linafanya kazi. Lakini redio imesema kesho jua kali, na kesho jioni nitalirudisha. Ni mkopo tu. Babu mwenyewe ni mtu wa tambi, asingeninyima.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika kwa hasira.

Ilianza vizuri mno! Magata nimeyasugua kwa brashi ya choo, mpya, au karibu mpya. Mjomba juu, Bibi katikati, Mama Kurihara anafuata, Norihiko mwisho, nilimweka huko makusudi. Nikaachia fungu la kwanza. Mteremko ulikuwa mkali kuliko nilivyodhani. Tambi zimempita Mjomba kama treni isiyosimama stesheni ndogo, zimempita Bibi, zimempita mwenyekiti, zimetua kwenye shati la Norihiko. Norihiko akasema, “Asante, nimeshiba.”

Mjomba akacheka. Naapa! Akakunja mikono ya shati, akaniambia, “Mpwa, lete nyingine, safari hii haziniponyoki.” Nikaachia. Akadaka! Akainua vijiti juu kama bingwa. Kwenye vijiti kulikuwa na chura. Mdogo, wa kijani, mzima wa afya, tambi shingoni kama skafu. Mjomba kapiga ukelele, chura kaangukia kikombe cha mchuzi, na Bibi kacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mjomba naye machozi yakamtoka. Akamwambia Bibi, “Mama, hata leo nimedaka kisicholiwa!” Tulikuwa tumeshinda. Nyumba ilikuwa yetu.

Kisha radi. Redio mwongo mkubwa! Mvua ikamwagika kama mtu kapindua pipa, sote tukakimbia na mabakuli. Nilipokumbuka lile gata, nilikuwa nimeshachelewa. Maji ya paa zima la nyuma yalikuwa yanaangukia milango ya karatasi ya chumba cha madhabahu. Karatasi imechanika, mikeka imekunywa maji mpaka imevimba, na farasi wa tango alikuwa anaelea kuelekea kabatini.

Mjomba kasimama mlangoni na soksi zake zilizolowa. Kasema taratibu, “Baba anarudi nyumbani mara moja kwa mwaka, nanyi mmemlaza majini.” Kisha katoka nje, kainua macho, kaona kulabu za gata ziko tupu.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo tumemsindikiza Babu kwa ng'ombe wa biringanya, aende polepole. Mikeka iko juani. Norihiko amekuja kulifunga lile gata, kwa skrubu, bila kuombwa. Mtu wa kujipendekeza namna hii sijapata kuona.

Bibi anahamia Osaka mwisho wa mwezi.

Lakini nina mpango! Hekalu linabadilisha magata yake, ya shaba, marefu, mazuri. Nitamwomba mtawa mawili, nimtengenezee Bibi bustani ya ukutani huko ghorofani. Vitunguu, majani ya kiungo cha shiso, kila kitu. Dirisha halifunguki, hilo nitalifikiria nikishafika. Matundu sitatoboa, nimeshaeleza kwa nini.

Kuna jambo moja tu sikuliandika juzi. Mvua ilipokatika tulikaa barazani. Mama Kurihara alikuwa amekata tikiti maji, na hakuna aliyekuwa analila ila mimi. Mjomba akauliza ni nani kalitoa gata. Norihiko akatazama miguu yake. Bibi akasema, “Ni mimi niliyemwagiza. Niliona limechakaa.”

Mjomba akaanza kuzungumza naye kwa ile sauti ya chini watu wanayowatolea wagonjwa. Akamuuliza leo ni siku gani. Bibi akaona ametukanwa, akakataa kujibu. Baadaye Mjomba akanivuta kando, akaniambia nyumba si shida, mikeka inanunuliwa. Lakini mama anayeamuru gata litolewe juu ya madhabahu ya mumewe, msimu wa vimbunga, huyo kichwa kimeanza kumtoka, haachwi peke yake.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijiambia siwezi kusema, nina tikiti mdomoni.

Tikiti nilikuwa nimeshalimeza.