Udongo wa Meneja Wavuka Barabara

Ramani ilifika Kaplong kwa simu ya Kimutai, ambaye pale kwenye benchi la Janeffer la chai wanamwita Redio, kwa vile hakuna habari inayompita. Ilionyesha mahali ambapo upepo wa kiangazi unaweza kubeba udongo wa mashamba. Kijani ni salama, nyekundu ni balaa. Huku kote kulikuwa kijani, isipokuwa doa moja jekundu. Redio alipolikuza kwa vidole viwili, likawa limekalia kilima chao.

Kipngetich alishusha kikombe. Jina lake la benchini ni Meneja, tangu siku aliyorekebisha kiti cha meneja wa kiwanda na kukikalia dakika tano, ati anakijaribu.

Redio akasema basi sasa wao ni jangwa, Jumapili wataenda kanisani na ngamia. Janeffer akauliza kama chai yake nayo itaitwa ya jangwani. Gordon, fundi wa boila, mtambo wa mvuke pale kiwandani, aliyehamia kutoka upande wa ziwa miaka ishirini iliyopita, na ambaye kwa hiyo huitwa Boila, alilalamika kwamba alikimbia vumbi la kwao, kumbe lilikuwa linamfuata polepole. Walijicheka mpaka chai ikamwagika. Meneja peke yake hakucheka, maana alidhani anajua doa lile limetoka wapi.

Mwaka uliopita mtafiti mmoja, Nelvine, alisimamisha nguzo mbili zenye makopo ya kunasa vumbi: moja kwa Meneja, nyingine kwa Boila, ng'ambo ya barabara. Kila mwezi alikuja kupima. Mwezi wa kwanza kopo la Meneja lilikuwa na vumbi la kijiko kimoja na mende. La Boila lilijaa nusu. Meneja aliona aibu, mwenyeji kushindwa na mgeni hata kwa vumbi. Mwezi wa pili akachota konzi moja ya udongo nyuma ya banda la kuku, akaitia koponi, na akaendelea hivyo hadi mwisho. Kila Nelvine alipofika, alimkuta Meneja amesimama kando ya nguzo kifua mbele, kama mtu aliyeleta fahali kwa maonyesho.

Sasa Redio akasoma maandishi chini ya ramani. Penye nyekundu patapandwa safu za miti ya kukinga upepo, na Nelvine mwenyewe anakuja leo kuonyesha zitakapopita. Janeffer aliacha kucheka. Ana robo ekari tu ya viazi pale kilimani, na safu moja ingekula nusu yake. Meneja alimwona akipanguza meza ile ile mara tatu, akasukuma kikombe chake kando.

Nelvine aliposhuka kwenye bodaboda, Meneja alikuwa ameshasimama.

"Madam, kabla hujakaa. Hiyo nyekundu ni mimi."

Akaeleza yote, bila kuwaacha nje kuku. Janeffer ndiye aliyesema kwanza.

"Meneja, yaani unaiba mtihani wa upepo?"

Nelvine hakukasirika. "Mzee, huo udongo wako niliumwaga kila mwezi. Ulikuwa na manyoya ya kuku. Nyekundu imetoka kwa kopo la Boila."

Boila aliapa kwamba lake hakuwahi kuligusa.

"Najua," Nelvine alisema. "Kiangazi upepo unatoka kwa Mzee, unaenda kwako. Kopo lake liko mwanzo wa shamba, upepo ukifika hapo bado haujabeba kitu. Lako liko mwisho. Tangu akate miti yake ya saipresi na kuacha udongo wazi baada ya kulima, shamba lake linavuka barabara."

Akamgeukia Janeffer, akamhakikishia kwamba doa haligusi viazi vyake. Miti itapandwa kwa Meneja peke yake, palepale penye visiki.

Meneja alikaa chini taratibu. Saipresi alizikata mwenyewe, kwa sababu zilimzibia barabara na alipenda watu wakipita waone shamba kubwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, miche inapatikana wapi.

Boila akamsogezea kikombe.

"Jirani, huo udongo wako mimi nimeshaupandia sukuma wiki. Ukiutaka, ngoja upepo ugeuke."