Jino Bovu Latafuta Nusu Saa

Jumatatu, 2 Juni

Leo tumepiga nyimbo zetu zote kumi na moja mbele ya Meneja wa Ukumbi. Nilitoa sauti mpaka macho yakanitoka. Shemeji alivunja fimbo ya ngoma. Tulipomaliza, Meneja akatazama saa yake akasema vizuri, vyombo vinasikika, sasa tunaweza kuanza.

Kuanza! Tulikuwa tumemaliza.

Nikamweleza kwa upole kwamba Jino Bovu ni bendi ya panki kali, muziki wa kasi na kelele, na kwamba wimbo wetu mrefu kuliko zote, "Foleni", una sekunde hamsini na nane. Miaka sita ya kazi, dakika tisa na sekunde kumi. Akasema mtu hawezi kuoga, kupiga pasi nguo na kufunga nyumba kwa ajili ya dakika tisa. Ametupa hadi Jumamosi saa tisa alasiri. Tukijaza nusu saa, jukwaa ni letu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwaka mzima. Tukipungukiwa hata dakika moja, anawapa bendi ya harusi.

Njiani Shemeji akasema jambo lililonikata maini. Shemeji ni dada mdogo wa mke wangu, mwoka mikate, na hakuna anayeponda ngoma kama yeye. Bendi ya harusi wameshamfuata mara mbili. Tukikosa ukumbi, anakwenda kwao. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya unga.

Bila Shemeji hakuna Jino Bovu. Bila Jino Bovu mimi ni mtu wa fotokopi tu.

Ila sina wasiwasi. Mimi ndiye Mwasisi wa bendi, na kichwa changu hakijawahi kuniangusha.

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi saa kumi na moja jioni. Tunafanyia kwenye chumba cha baridi cha bucha lililofungwa. Baridi ilishakufa, lakini kuta ni nene na majirani hawasikii kitu. Kulabu za nyama bado zinaning'inia. Fundi ndiye aliyetupatia. Fundi anatengeneza mafriji na anapiga gitaa lenye nyuzi tatu. Mpiga besi tulikuwa naye zamani, akapata kazi ya bima, akanunua soksi ndefu, akatukimbia. Nafasi yake imechukuliwa na kompresa ya friji. Inanguruma noti moja tu, lakini haichelewi mazoezi.

Nilikuja na mipango miwili. Wa kwanza: kila wimbo tuupige mara tatu na ushee. Shemeji akasema watu watakuja na masikio, si na magunia. Wa pili: mimi nihutubie kati ya nyimbo, nieleze historia ya bendi. Hotuba nilikuwa nimeshaiandika, kurasa kumi na nne. Nilipofika ukurasa wa pili Fundi akasema kuna friji la mtu linamsubiri. Nilipofika wa tatu Shemeji alikuwa akifunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Kisha Fundi, ambaye huongea mara mbili kwa mwaka, akaongea. Akasema tupige "Foleni" peke yake, lakini polepole. Polepole sana. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, akasema, akatazama kulabu.

Tukajaribu. Ngoma moja, unahesabu mpaka saba, ngoma nyingine. Gitaa likawa linavutwa kama mlango mzito. Kompresa ikanguruma chini yake. Ama kweli, nywele zilinisimama. Tulipotazama saa, zilikuwa zimepita dakika thelathini na mbili. Shemeji alikuwa na machozi. Mimi pia, lakini yangu yalikuwa ya pumzi kukata.

Maana maneno ya "Foleni" ni machache: "Sogea! Sogea! Mbona husogei?" Kwa mwendo ule, neno "sogea" linachukua dakika tatu. Nilifika "so". "Gea" ilinishinda, nikaona nyota, nikaegemea kulabu.

Hakuna shida. Nitafanya mazoezi ya pumzi.

Jumatano, 4 Juni

Nilifanya mazoezi ya pumzi kazini. Nilikuwa natoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mzee mmoja, nikaona mashine inavuma, nikadhani itafunika sauti yangu. Nikaanza "sooo" taratibu. Sekunde ishirini. Thelathini. Mzee akarudi nyuma, akauliza kama mashine inataka kulipuka. Bosi akatoka ofisini mbio, akachomoa waya ukutani, akaita kila mtu atoke nje. Tulisimama barabarani robo saa. Sikukiri kwamba ni mimi. Fundi wa mashine ataitwa kesho kuichunguza.

Hilo lilikuwa dogo. Jioni ndiyo iliyokuwa na mambo.

Shemeji na Fundi walikuwa wamefika mapema, na walikuwa wamekaa kama watu waliokwisha kuongea. Shemeji akaanza na kaka hivi, kaka vile. Huwa haniiti kaka. Akasema wimbo umekua, umebadilika, na bendi lazima ikue nao. Wameupiga tena wawili wao. Unapendeza zaidi bila sauti.

Nikauliza bila sauti ya nani. Fundi akatazama sakafu. Sauti iko moja tu.

Nimepewa kazi ya kuwasha kompresa. Swichi moja. Nawasha mwanzo, nazima mwisho, katikati nimesimama kama mlingoti.

Niliumia, naandika wazi. Bendi niliianzisha mimi. Jina nililitoa mimi, siku ambayo jino liliniuma. Shati la kwanza la bendi nililichora mimi kwa kalamu ya wino, na upele nikaupata mimi. Leo nimekuwa mtu wa swichi.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Anafundisha chekechea, kwa hiyo hunisikiliza vizuri sana. Akaniuliza mbele ya wenzangu nilisema nini. Nikasema nilikubali kiungwana. Akaniuliza na ndani ya moyo je. Nikasema nina mpango. Akavuta shuka akageukia ukutani.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango ni huu, na ni mtamu kiasi kwamba nimecheka peke yangu bafuni.

Mama mkwe hajui kwamba bintiye ni mpiga ngoma. Kwa miaka sita anaamini Shemeji yuko kwenye kwaya. Basi, mama akialikwa Jumamosi, Shemeji atahaha. Atakuja kwangu kunibembeleza. Nitamwambia: mama nitamzuia mimi, lakini na wewe nirudishie kipaza sauti. Kila mtu anafurahi, na mimi zaidi.

Baada ya kazi nikaenda kwa mama mkwe na kilo mbili za sukari. Mama ni mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa akiita mwanafunzi akiwa ofisini na mwanafunzi akiwa barabara ya pili, na mwanafunzi anakuja. Mbele yake sijawahi kuinua macho zaidi ya kifungo cha pili cha gauni. Nikamwamkia, nikakaa ukingoni mwa kiti, nikamwambia kuna onyesho, na kwamba kiti chake kiko mstari wa mbele.

Akasema, "Miaka sita nangoja mtu aniite, mwanangu. Nilidhani mnanionea aibu."

Hapo kitu fulani kilinichoma kifuani. Kikapita. Mama akaenda kutoa gauni la kijani kabatini, akaliweka mbele yake, akaniuliza kama jukwaani kuna taa.

Ijumaa, 6 Juni

Siku kubwa katika historia ya werevu!

Asubuhi nikapita kwenye tanuri la mikate. Nikamwambia Shemeji, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari kwa bahati tu, kwamba mama anakuja kesho. Akaangusha trei. Mikate ikabingirika mpaka mlangoni. Akasema mama atamuua. Akasema mama akishamuua atamfufua amuulize kwa nini alidanganya. Nikaacha atetemeke kiasi, kisha nikamwambia mama ananisikiliza mimi, naweza kumzuia, ila kuna kajambo.

Akaelewa kabla sijamaliza. Akaniita jina ambalo sitaliandika humu. Lakini kipaza sauti nimerudishiwa. Tukapeana mikono yenye unga.

Nikatoka pale naruka mashimo ya barabarani kama mtoto wa mbuzi.

Jioni nikaenda kumzuia mama. Nilikuwa nimeandaa sababu tatu: ukumbi una unyevu, viti havina migongo, kiongozi wa kwaya ana mafua. Nikapiga hodi. Mlango ukafunguliwa, na sebuleni walikuwa wamekaa walimu wastaafu kumi na mmoja. Wote wamealikwa na mama. Mmoja alikuwa na darubini. Mama akasema, huyu hapa, mkwe wangu, ndiye aliyetukumbuka. Wakapiga makofi.

Unafanyaje? Nikasema karibuni sana. Nikasema viti vipo.

Shemeji sikumwambia. Usingizi usije ukamharibikia.

Nimemwambia mke wangu tu. Akaacha kusahihisha madaftari. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Akaniuliza kama nakumbuka ni nani aliyemhakikishia mama, kwa kiapo, kwamba Shemeji yuko kwaya na kwamba yeye mwenyewe husimama naye sauti ya tatu.

Lo. Ni mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeketi kitandani. Naandika kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa nusu. Meneja alikaa pembeni na saa yake. Mstari wa mbele, viti kumi na viwili, na katikati gauni la kijani. Shemeji alipanda jukwaani, akamwona mamake, akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu mwenye fimbo mbili mkononi. Nilidhani atakimbia. Badala yake akakaa, akauma meno, akapiga ngoma ya kwanza kwa nguvu iliyotoa vumbi darini.

Kompresa ikanguruma. Gitaa likaanza kuvutwa. Zamu yangu.

Nikavuta pumzi ya wiki nzima. Nikafungua mdomo niseme "sogea". Kumwambia nani asogee? Mbele yangu amekaa mama mkwe, mkoba mapajani, ananitazama. Ulimi ulikataa. Mgongo wangu ulipinda wenyewe. Na kwenye spika zote nne, kwa sauti nzito ya panki, ikatoka:

"Shikamoo, mama."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaketi wima. Akajibu kama alivyokuwa akijibu shule nzima asubuhi, bila kipaza sauti, na madirisha yakalia:

"Marahabaaa!"

Shemeji akapiga ngoma. Hesabu mpaka saba. Nikavuta pumzi, nikasema safari hii lazima iwe "sogea". Nikamwona tena mama. Ikatoka shikamoo. Safari hii wakajibu walimu wote kumi na wawili, kila mmoja na sauti yake, maana hao watu wameamkiwa maisha yao yote. Mara ya tano vijana wa nyuma wakaingia. Mara ya kumi ukumbi mzima ulikuwa unanguruma marahaba, na Fundi alikuwa amefumba macho akitabasamu, jambo ambalo sijaliona tangu tufahamiane. Sakafu ilitikisika. Nikasahau hofu. Nilikuwa naamkia kwa ghadhabu, kwa furaha, kwa koo lote, na kila nikiamkia naitikiwa na watu mia. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Ningekufa pale nisingelalamika.

Nikazima swichi. Meneja akasimama akasema dakika thelathini na nne.

Baadaye Shemeji akaenda kwa mamake na kichwa chini. Mama akamshika mikono, akaigeuza viganja juu, akasema tangu mwaka wa kwanza alijua. Mwanakwaya hapati sugu za fimbo. Alikuwa anangoja aambiwe, basi. Shemeji akalia kwenye gauni la kijani mpaka likabadilika rangi begani.

Kisha mama akanigeukia mimi. Akasema nimemwamkia mara arobaini na sita, na mara moja tu ingetosha. Akasema pia nisimame wima.

Jumapili, 8 Juni

Mkutano wa bendi chumba cha baridi. Habari nzuri: tumepata ukumbi mwaka mzima. Shemeji amewaambia bendi ya harusi watafute mwingine. Jino Bovu linaishi! Nilimkumbatia Fundi, akavumilia.

Habari nyingine: Meneja ametoa sharti moja. Anamtaka mama. Anasema watu wameuliza habari za mama tu, na kuna aliyetaka kujua kama yule bwana anayeinama ni mtoto wake.

Tukapiga kura. Mama alikuwepo, alikuja na kiti chake. Kipaza sauti tunacho kimoja. Shemeji akamchagua mama. Fundi akamchagua mama. Mama akajichagua mwenyewe, akisema hapendi unafiki. Shikamoo sasa itatoka ukumbini, na marahaba itatoka jukwaani, ndiyo hatua mpya ya muziki wetu. Mimi nikapewa swichi. Mama ameniagiza niwe nafika robo saa kabla.

Nikasema sawa, mama. Ningesema nini?

Mke wangu amenikumbatia, akasema angalau nimejifunza. Nimejifunza sana. Nimejifunza kwamba mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, nilikosea mtu tu.

Maana mama naye amemwambia baba mkwe kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anakwenda kikao cha wastaafu. Nimemsikia kwa masikio yangu. Sasa fikiria baba mkwe akialikwa. Mama atamwona, ataona haya, atashuka jukwaani, na kipaza sauti kitabaki hapo kinamngoja mwenyewe. Nimeshampigia simu mzee. Amefurahi mno. Ameniomba kiti mstari wa mbele, na amesema atakuja na wenzake.