Mamba Wangu na Ukurasa wa Arobaini na Sita

Garama Ziro,
Jilore, nyumba ya pili kutoka mashine ya kusaga unga.

Kwako Bi. Mahfudha, Msimamizi wa Maktaba.

YAH: KUOMBA MAKTABA IFUNGWE, AU NAMI NIWEKWE RAFUNI

Mwanangu Mahfudha, salamu kwanza. Mimi sijambo, ila heshima yangu ndiyo inayoumwa, na dawa yake iko kwako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiona mistari inapanda kilima usishangae, mwandishi naye anatembea hivyo hivyo siku hizi.

Wewe ni mgeni, huenda hujaambiwa mimi ni nani. Kabla maktaba haijaja, mtu akileta mahindi mashineni alisubiri zamu yake kwenye benchi langu, akinisikiliza. Miaka thelathini. Watu walitoka hadi Sabaki, wakipita mashine mbili njiani, ili waje kusaga hapa. Mwenye mashine anasema walifuata unga laini. Namwacha, mtu hanyimwi ndoto. Sasa umefungua maktaba mlango wa pili, na unga wao wanausubiria humo ndani. Benchi tumebaki mimi na kuku.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Adabu. Siku ya kwanza nilikuja kwa heshima zangu, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya, na watu nawaona kumi na mmoja, vichwa chini kama wanaotafuta sindano. Nikapiga ya tatu, nikarudi kwangu, maana hodi tatu zisizoitikiwa, nyumba haikutaki. Nilifanya hivyo siku nne. Ya tano ukatoka ukasema, "Shikamoo mzee, hapa watu huingia tu." Huingia tu? Hata mbuzi wangu hulia kwanza.

2. Mamba. Jilore nzima inajua kwamba mwaka ule wa mafuriko nilimuua mamba mtoni kwa mpini wa jembe. Nilimshika ulimi nikauvuta, ukaja hadi kwenye kiwiko changu, na ulikuwa na ncha mbili. Sanga, fundi wa baiskeli, ameisikia hadithi hiyo mara mia, na kila mara alishika kichwa. Januari akaja benchini na kitabu chako cha wanyama, akafungua ukurasa wa arobaini na sita, akasoma mbele ya watu kwamba mamba ulimi wake umeshikana na sakafu ya kinywa, hawezi kuutoa nje. Kisha akaniuliza, taratibu kama muuguzi, "Sasa mzee wangu, wewe ulivuta nini?"

Nikajibu mamba wa zamani walikuwa tofauti. Hata kuku waliondoka.

3. Tangu siku hiyo sisemi likapita. Nikisema jana ilinyesha, naulizwa, "Ukurasa wa ngapi, mzee?" Nikimwambia mke wangu Sidi mchuzi hauna chumvi, naye anauliza ukurasa.

4. Adui lazima umjue nyumba yake, kwa hiyo Februari ilinibidi niingie darasa lako la ngumbaru la kila Jumanne, mtu wa miaka sabini na minne. Umenikalisha na Katana. Huyo nilimfundisha mimi kukwea mnazi, na leo yeye ndiye ananionyesha kalamu inashikwaje. Anafurahi mno.

5. Uzembe. Nasikia kile kitabu cha wanyama hakionekani rafuni, wiki ya tatu sasa. Maktaba gani hii inayopoteza vitabu? Mimi hadithi zangu nimeziweka kichwani miaka thelathini na haijapotea hata moja. Zimeongezeka.

Kwa hayo naomba maktaba ifungwe. Ikishindikana, basi nipe namba, nibandike karatasi mgongoni, niazimwe kama wenzangu. Mtu anichukue wiki mbili, anirudishe mzima. Asinikunje, asiniache ninyeshewe mvua, na asinifungue wakati wa chakula bila kunikaribisha. Akichelewa kunirudisha asitozwe kitu. Sidi amekubali, amesema hata nikipotea si neno.

Nisalimie wasomaji wako wote, ingawa najua hawataitikia. Kuku wanakusalimu.

Ni mimi mwenye benchi,
Garama Ziro, muuaji wa mamba.

Baada ya kutia sahihi: Usihangaike kukitafuta kile kitabu. Kiko chini ya godoro langu, nilitoka nacho ndani ya koti. Nilitaka kuuchana ule ukurasa, ila nikaona niusome kwanza mwenyewe, na imenichukua Jumanne tatu. Nilipoumaliza nikafunua unaofuata. Pana picha ya mnyama wa mtoni, shingo ndefu, ulimi nje, una ncha mbili. Nilimtambua pale pale. Chini wameandika: kenge.

Nikamwonyesha Sidi. Akasema, "Si nilikwambia siku ile ile?"

Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Siku ile mamba hawakuja. Basi usifunge, mwanangu, na kitabu niongezee wiki moja. Jumamosi watu wengi huja kusaga, nitawasomea mwenyewe benchini. Urefu wa kenge nitauongeza kidogo. Lakini wakiniuliza ukurasa wa ngapi, safari hii ninao.